Nani Ana Mamlaka ya Kusema Chombo Hakitoki?

Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na kibali cha kubeba abiria 101. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kiliondoka Bugolora, upande wa Ukerewe, kwenda Kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Tanzania, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya hao. Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora, na mchana wa gulio kila aliyetoka Ukara asubuhi anataka kulala kwake. Watu walikuwa na mizigo waliyonunua na mizigo waliyoshindwa kuuza. Chombo kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, pale ambapo waliokuja kupokea ndugu zao waliona kwa macho. Walikufa watu 228. Walionusurika ni 41.

Kesho yake Rais Magufuli alilihutubia taifa, akaagiza wahusika wakamatwe, akaeleza kwamba nahodha mwenyewe hakuwamo chomboni na usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo. Bodi ya TEMESA, wakala uliokuwa ukiendesha kivuko, ikavunjwa, na ya SUMATRA, iliyokuwa na kazi ya kusimamia usafiri huo, ikavunjwa pia. Siku zile kila ulipopita ulisikia neno moja: uzembe.

Simtetei mtu anayeacha usukani. Lakini tangu mwaka ule nimekuwa nikijiuliza: tuseme nahodha alikuwepo, mwenye cheti na akili timamu. Gulio lingekuwa lilelile. Kivuko kingekuwa kilekile kimoja. Watu zaidi ya 260 wangekuwa palepale gatini na jua linashuka. Angewaambia nini, na nani angemsikiliza?

Neno uzembe humtafuta mtu mmoja, na likishampata, msako unaisha. Halitufikishi kwenye ratiba ya vivuko, kwenye bajeti ya matengenezo, wala kwenye ofisi ambako malalamiko hupokelewa na kulazwa. Kabla ya ajali ile mbunge wa Ukerewe alikuwa amekwisha kusimama bungeni kulalamikia hali ya kivuko hicho. Tahadhari ilitolewa, tena mahali pa juu kuliko pote inapoweza kutolewa, ikasikika, na safari zikaendelea.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani idadi iliyoandikwa kwenye cheti ni kama idadi ya viti ukumbini, kwamba ukiongeza wachache watabanana tu. Chombo cha majini hakipinduki kwa uzito peke yake. Kinaweza kubeba tani nyingi za saruji zilizolala chini ya sitaha kikaenda shwari. Hatari inakuja uzito unapopanda juu na unapoweza kuhama. Mfuko wa saruji haumwoni shangazi amesimama gatini ukainuka kumpungia mkono. Mtu hufanya hivyo. Anayekokotoa idadi ya abiria hujiuliza, pamoja na mengine, itakuwaje wote wakikimbilia upande mmoja: je, chombo kitalala kisha kirudi wima, au kitalala moja kwa moja? Taarifa za ajali ya MV Nyerere zilieleza kwamba abiria walianza kusogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Hilo si kosa la abiria. Ndivyo watu wanavyoshuka duniani kote, na ndiyo maana idadi ile iliwekwa.

Sasa fikiria safari zote zilizotangulia siku hiyo. Kivuko kinabeba 130, kinafika. Wiki nyingine 150, kinafika. Msimu wa mavuno 180, kinafika. Kila kikifika salama kinatufundisha somo la uongo, kwamba ile 101 ni ya makaratasi tu. Mfanyakazi mpya anayeanza kazi siku ya 150 hajui kwamba anavunja kanuni. Anajua ndivyo kazi ilivyo. Akija mkaguzi akahesabu 140, atashukuru kwamba leo wamepungua. Hivi ndivyo watu wengi wema, kila mmoja akifanya kilichoonekana cha kawaida, hujikuta wamesogeza mpaka bila hata mmoja wao kuamua kuusogeza. Ziwa halina taarifa ya makubaliano hayo.

Mwaka 1987 jambo la namna hii liliipata nchi tajiri yenye mabaharia wa karne nyingi, na nalieleza kirefu kwa sababu tunapenda kudhani haya ni matatizo ya umaskini. Machi 6 mwaka huo meli ya Uingereza iitwayo Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Dover huku milango yake mikubwa ya mbele, inakoingilia magari, ikiwa wazi. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari. Maji yaliyotandaa kwenye sitaha pana isiyo na kizuizi ni mabaya kuliko mzigo wowote, kwa kuwa meli ikiinama kidogo yote hukimbilia huko na kuiinamisha zaidi. Ikalala ubavu ndani ya dakika chache. Walikufa watu 193.

Aliyetakiwa kufunga milango alikuwa amelala kitandani kwake, amechoka. Hapo gazeti linaweza kuandika uzembe na kufunga ukurasa. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Sheen haukufunga ukurasa. Ulikuta kwamba serahangi, msimamizi wake, aliiona milango ikiwa wazi ila hakuona kwamba kuifunga ni kazi yake. Afisa aliyepaswa kuhakikisha imefungwa alitakiwa na kanuni nyingine ya kampuni awe chumba cha usukani muda uleule meli inapojiandaa kuondoka. Mtu mmoja, sehemu mbili. Nahodha hakuwa na njia ya kuiona milango kutoka alipo. Utaratibu ulikuwa kwamba asipoletewa taarifa ya tatizo, aamini kila kitu kiko sawa. Kimya kikawa ndiyo cheti. Juu ya hayo, gati la Zeebrugge halikujengwa kwa meli ya aina ile, hivyo walijaza maji kwenye matangi ya mbele kuishusha ifikie daraja la magari, na meli iliondoka pua yake ikiwa bado chini. Na uongozi wa nchi kavu ulikuwa umekwisha kuandika barua ukiwataka maafisa waondoke mapema, maana kuchelewa Zeebrugge hakukubaliki.

Kinachonichoma zaidi ni taa. Manahodha wa kampuni hiyo waliwahi kuomba iwekwe taa ndogo kwenye chumba cha usukani ya kuonyesha kama milango imefungwa. Haikuwa ndoto ya mtu mwoga. Meli nyingine ya kampuni hiyohiyo ilikwisha kutoka bandarini na milango wazi mwaka 1983, nako aliyehusika alikuwa amelala. Ombi likazunguka mezani kwa wakubwa. Mmoja wao aliandika akiuliza kama wanataka pia taa ya kuwaambia iwapo mtunza stoo wa sitaha yuko macho na hajalewa. Baada ya watu 193 kufa, taa hizo ziliwekwa kwenye meli zilizobaki ndani ya siku chache tu.

Manahodha haohao, kwa njia, walikuwa wakiandika pia kulalamika kwamba abiria wanazidi idadi ya cheti na hesabu za gatini haziaminiki. Ukisoma hilo ukiwa umetoka kusoma habari za Ukara, unaona kwamba utajiri haukuwaokoa. Jaji Sheen alisema kampuni nzima, tangu juu hadi chini, ilikuwa imeambukizwa ugonjwa wa kufanya mambo ovyoovyo.

Turudi kwetu, na kwenye suala la hesabu, kwa sababu hapo ndipo ninapoona wazi kuliko kwingine jinsi tabaka linavyoingia ndani ya mtambo. MV Bukoba ilizama asubuhi ya Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo kwenda Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ilionyesha watu 443 daraja la kwanza na la pili pekee. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hadi leo makadirio ya waliokufa yanapishana kwa mamia, na yapo yanayokaribia 1,000, kwa sababu watu wa daraja la tatu walihesabiwa baada ya kufa tu, na si wote. Ukienda makaburi ya Igoma, Mwanza, unaona matokeo yake.

Kutomwandika mtu wa daraja la tatu kunaonekana ni suala la heshima tu, na kweli ni la heshima. Lakini ni la uhandisi pia. Anayepanga mzigo na anayepima mlalo wa meli wanahitaji kujua kuna watu wangapi na wako wapi. Wenye tiketi ya bei ndogo walipoonekana hawastahili mstari kwenye karatasi, walitoweka pia kwenye hesabu ya uzito, ingawa miili yao ilikuwa pale ikilemea kama miili mingine yoyote. Maji hayana daraja la tatu.

Miaka 22 baadaye Ukara mtambo wa tiketi ulikuwapo. Ila mkatisha tiketi alifariki pamoja na abiria wake, na mashine yenye kumbukumbu ikapotea majini. Siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema walikuwa wangapi. Tulikuwa tumetoka kwenye kutoandika kabisa, tukafika kwenye kuandika na kuiweka orodha ndani ya chombo ambacho orodha hiyo ingehitajika kikizama.

Na MV Spice Islander katikati yake. Usiku wa Septemba 10, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba siku chache baada ya Idi, ilizama karibu na Nungwi. Meli ilikuwa ya watu wasiofika 700. Tume iliyoundwa baadaye ilisema ilikuwa na watu zaidi ya 2,400. Walionusurika walisimulia kwamba wapo waliofika bandarini, wakaiona ilivyojaa, wakakataa kupanda. Nawafikiria sana watu hao. Waliona kwa macho tu, bila kipimo, kile ambacho maofisa wenye kipimo hawakukitendea kazi. Lakini abiria mmoja akikataa anajiokoa mwenyewe. Hana uwezo wa kuizuia meli. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Safari hiyo waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri alijiuzulu, jambo ambalo huku kwetu halitokei kila siku na nililiheshimu.

Basi nani mwenye uwezo wa kuizuia? Kwenye karatasi ni nahodha, na nyuma yake mkaguzi. Gatini, kwa jinsi nilivyoona, ni kijana anayeshika mnyororo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kivuko kimoja cha ziwani, siku ya gulio. Kijana wa mnyororo, ambaye nadhani hakuwa amefika miaka 25, alihesabu mpaka akafika idadi yake, akafunga. Nje walibaki watu kama 30 hivi. Kilichofuata sijakisahau. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa. Wazee wawili walikuwa wakirudi msibani. Mwenye samaki alionyesha barafu inavyoyeyuka. Kisha akaja bwana mmoja aliyevaa vizuri, hakusema na kijana kabisa, akapiga simu, akampa asikilize. Kijana akasema, "Ndiyo mzee. Sawa mzee. Shikamoo." Akaushusha mnyororo. Sisi tuliokwisha kuingia tulisogea, tukabanana, tukafika salama, na nina hakika siku hiyo kijana alijifunza kwamba hesabu yake haina maana.

Angefanyaje? Aliyekuwa upande wa pili wa simu ndiye anayemwandikia siku za kazi. Na sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkatalii mkubwa mbele za watu. Ukiona kosa la mkubwa, unalisitiri. Naipenda heshima hiyo, na nisingependa watoto wangu wakue bila hiyo. Lakini inapokutana na chombo kinachoweza kupinduka, inahitaji kuwekewa mlango wa pembeni: njia ambayo mdogo anaweza kusema hapana bila kuonekana amemvunjia mtu adabu, kwa sababu hasemi yeye, inasema kanuni, na kanuni ina mtu mkubwa nyuma yake.

Mlango wa namna hiyo si ndoto. Baada ya ajali kama ya Zeebrugge, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 1993 kanuni za usimamizi wa usalama ambazo tangu Julai 1998 ni lazima kwa meli za abiria za safari za kimataifa. Ndani yake kuna kipengele kimoja ninachokiona cha thamani kuliko vyote: kila kampuni lazima iwe na mtu nchi kavu, mwenye jina linalojulikana na kila baharia, mwenye ruhusa ya kumfikia mkubwa wa juu kabisa wa kampuni moja kwa moja. Baharia mdogo akiona jambo, anajua ampigie nani, na huyo hana haki ya kusema hakupokea simu. Kanuni hizo pia zinasema wazi kwamba nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama. Kivuko cha kisiwani hakimo kwenye kanuni hizo, kwa kuwa hakivuki mpaka wa nchi. Sioni sababu ya wazo hilo kungoja mpaka.

Wapo watakaosema hatua kali zilichukuliwa na zinatosha. Kukamata kuna nafasi yake. Ila pima kinachowaingia wafanyakazi wengine akilini wanapoona kwamba baada ya kila msiba anayefungwa ni wa chini. Wanajifunza kutoandika. Injini iliyozimika katikati ya maji kwa dakika 10 kisha ikawaka haiingii kwenye daftari, kwa sababu daftari ni ushahidi, na ushahidi utamrudia aliyeandika. Kwa hiyo habari tunazozihitaji kuliko zote, za ajali zilizokaribia kutokea zisitokee, zinabaki kwenye mazungumzo ya jioni ya mabaharia. Urubani duniani uliligundua hili mapema, na nchi nyingi zina utaratibu wa kupokea taarifa za marubani bila kuwaadhibu kwa makosa waliyoyaripoti wenyewe, isipokuwa ya makusudi.

Lipo na suala la uokoaji, nalo tunalisahau kwa sababu linaonekana limekuja baada ya ajali, kumbe lilipangwa, au halikupangwa, miaka mingi kabla. MV Bukoba ilipopinduka ilielea kwa muda tumbo likiwa juu, na watu walio hai ndani yake wakisikika wakigonga. Waokoaji walitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwenye tundu, meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na huruma na walikuwa na chuma. Hawakupewa mafunzo. Ukara, utafutaji ulisimama usiku wa kwanza ukaendelea asubuhi, na Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, fundi wa injini alitolewa hai kutoka ndani ya kivuko, alikokuwa amejihifadhi penye hewa. Mtu mmoja akiwa hai siku mbili baadaye, kila familia ya Ukara ina haki ya kuuliza kuhusu usiku ule wa kwanza.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia ziwani Bukoba ikijaribu kutua. Ilikuwa na watu 43; walikufa 19. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni, ndege zinapita juu ya maji kila siku. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja mvuvi akasifiwa nchi nzima, kwa haki kabisa. Lakini kila nilipomwona kwenye televisheni niliwakumbuka wale waliotoboa meli mwaka 1996. Miaka 26 ilikuwa imepita, ziwa lilelile, na bado tulikuwa tukitegemea ujasiri wa mpita njia.

Nikiulizwa tuanze wapi, sianzi na vyombo vipya, ingawa vinahitajika, na siku za gulio vinahitajika viwili. Ninaanza na daftari gatini. Chombo kikifika idadi yake na mtu akataka kiongezwe, aandike jina lake, cheo chake na saa, atie sahihi, na nakala ibaki nchi kavu pamoja na orodha ya abiria wote, wa kila daraja. Anayeagiza kwa simu aje aandike, au asiagize. Nakala hiyo isomwe kila mwezi na mtu asiyelipwa kwa wingi wa tiketi.

Kijana wa mnyororo hakuwa na daftari. Alikuwa na simu ya mtu mwingine sikioni, na mbele yake sisi tuliokwisha kuingia, tumemkazia macho, tukitaka tuondoke.